Miaka Thelathini na Mitatu ya Kumsubiri Mama Tena

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, mwandishi wetu wa safu ya muziki mpya atastaafu baada ya kulitumikia gazeti hili kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Idara ya utumishi imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mhariri wa kurasa za burudani, na kwa miaka kumi na tisa meza yangu imetenganishwa na yake kwa ubao mwembamba tu. Nilipewa siku tatu. Nimemaliza kwa siku mbili. Naomba jambo hilo liwekwe kwenye kumbukumbu, maana katika chumba chetu ni la ajabu.

Wote mnamjua kwa jina la Mama Tena. Wageni hudhani Tena ni mtoto wake wa kwanza. Mtoto wake wa kwanza ni mwalimu wa hesabu na ana jina lake zuri tu. Jina la Mama Tena lilitokana na tabia yake ya kumaliza wimbo, kunyamaza kidogo, kisha kusema "Tena" na kuurudisha mwanzo. Nimelisikia neno hilo kupitia ubao ule mara nyingi kiasi kwamba mke wangu anasema nalitamka nikiwa usingizini.

Aliajiriwa kama mpiga taipu. Kazi yake ilikuwa kuchapa makala za mwandishi wa muziki wa wakati huo, mzee mmoja mpole mwenye mwandiko wa kuku. Siku moja alisimamisha mashine katikati ya sentensi, akamwambia mzee kwamba wimbo anaoumiminia sifa una gitaa ambalo nyuzi zake hazikuwekwa sawa. Mzee akaenda kusikiliza upya na kurudi kichwa chini. Mwaka uliofuata mgongo ulipomlazimisha mzee kuacha kazi, aliulizwa nani achukue safu. Akamnyooshea kidole mpiga taipu, na mpiga taipu akauliza kama anaruhusiwa kwanza kumaliza ukurasa aliokuwa akiuchapa.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho Mama Tena kujali kumaliza ukurasa.

Tangu hapo amejiwekea utaratibu wake. Kila albamu husikilizwa mara tatu nzima: mara ya kwanza kwenye spika kubwa, ya pili kwenye hedifoni, na ya tatu kwenye redio ndogo iliyopasuka kona katika chumba cha chai, birika likichemka. Nilimuuliza birika linahusu nini. Akanijibu kwamba wasomaji wetu hawasikilizi muziki wakiwa wamefumba macho kwenye kochi, wanausikiliza wakikaanga vitunguu, na wimbo usioweza kushindana na vitunguu haufai. Lakini gazeti linatoka Ijumaa, kurasa zangu zinatakiwa kwenye kiwanda cha uchapaji Jumatano saa kumi na moja, na albamu moja ya dakika hamsini ukiizidisha mara tatu, kisha ukaongeza "Tena" zote za katikati, ni siku nzima ya kazi. Kila wiki zinakuja tatu au nne. Fanyeni hesabu wenyewe.

Mtakumbuka pia sakata la nyota. Miaka tisa iliyopita uongozi uliamua kila albamu ipewe nyota, kuanzia moja hadi tano, ili msomaji mwenye haraka asisumbuke kusoma. Mama Tena hakugoma, hakulalamika, wala hakuandika barua. Alizipa albamu zote nyota mbili na nusu. Nzuri, mbaya, za kwetu, za nje, hata ile ya kwaya ambayo mwanawe mwenyewe alikuwa akiimba sauti ya nne. Miezi kumi na moja. Wanamuziki walinipigia mimi simu, si yeye. Mwishowe mkurugenzi alisalimu amri, nyota zikaondolewa, naye Mama Tena akaniambia kwa sauti ya kunihurumia kabisa, "Si nilikuwa nawatii, mwanangu?"

Sasa nifike kwenye jambo lililonipandisha shinikizo la damu mwaka huu, ambalo wengi wenu mmelisikia vipandevipande kwenye ngazi.

Mwezi wa tano zilikuja mezani kwake albamu tatu. Moja ilikuwa ya kwaya ya wauguzi. Ya pili ilikuwa ya dereva wa teksi aliyetengeneza midundo yake yote kwa simu akisubiri abiria. Ya tatu ilikuwa ya Kwato na Vumbi, bendi ya muziki wa kantri ya hapahapa mjini, ambayo kila mtu anaijua. Kiongozi wake ni fundi magari anayeitwa Kofia, kwa sababu hajawahi kuonekana bila kofia yake pana, awe jukwaani au chini ya lori. Hiyo ilikuwa albamu yao ya tatu, na redio zilikuwa zikiupiga wimbo wake wa sita, "Ufunguo Chini ya Jiwe", asubuhi, mchana na jioni. Miaka kumi wamepiga kwenye harusi za watu bila kutazamwa. Wimbo huo mmoja ukawatoa.

Kufikia Jumatatu alikuwa amemaliza mbili. Kuhusu wauguzi aliandika kwamba wana sauti safi lakini wanaimba kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Kuhusu dereva wa teksi aliandika kwamba kati ya nyimbo kumi na moja, tisa zinaanza vizuri na haziendi popote, jambo la kushangaza kwa mtu wa kazi yake. Nikafurahi. Nikawaambia watu wa kiwandani kwamba wiki hii, kwa mara ya kwanza, tutawahi.

Jumanne, kupitia ubao, nikasikia wimbo wa sita. Kisha "Tena". Nilihesabu hadi kumi na nne, nikanyanyuka.

Alikuwa ameshika kava ya albamu karibu na pua.

"Huu wimbo una mwenyewe," akasema.

"Nyimbo zote zina wenyewe, Mama. Na ukurasa wangu una wenyewe, wako kiwandani wanausubiri."

"Soma hapa."

Nikasoma. Chini ya jina la wimbo iliandikwa: wimbo wa zamani, mtunzi hajulikani.

"Basi hajulikani," nikasema.

"Mimi namjua. Jina limenipotea, lakini sauti bado ninayo."

Ndipo akanieleza, huku akitazama dirishani, naye si mtu wa kuzungumza bila kukutazama usoni. Miaka ishirini na minne iliyopita alipanda ngazi zetu mwanamke mmoja mpiga pasi wa chumba cha kufulia cha hospitali, bado amevaa sare, vinyuzi vya pamba vimemganda kwenye nywele. Alileta kaseti kwenye bahasha ya kahawia. Alikuwa amejirekodi mwenyewe kazini, wimbo mmoja, akaomba gazeti liuandike. Mama Tena aliusikiliza akaupenda. Mhariri wa wakati huo akasema gazeti hili haliandiki habari za vitu vilivyorekodiwa kwenye mvuke wa mashuka.

"Nilimwahidi wiki ijayo," akasema. "Halafu nikamwahidi wiki nyingine. Halafu akaacha kuja."

Nilimwonea huruma, kweli. Lakini ilikuwa Jumanne. Nikamwambia aandike tu kwamba albamu ni nzuri, tuchape, na huyo mwenyewe tukimpata tutasahihisha.

"Nikiandika leo kwamba mtunzi hajulikani," akasema, "nitakuwa nimemzima mara mbili. Mara ya kwanza nilimsingizia mhariri. Leo nitasingizia nini?"

Basi tukatafuta kaseti. Wale mliokuwa mkiuliza kwa nini mhariri wa burudani alionekana amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, jibu ndilo hilo. Kabati la Mama Tena lina kaseti zaidi ya elfu moja na mia nne, na mwezi uleule lilikuwa limehamishiwa stoo ya chini ya ngazi. Hazijapangwa kwa majina ya wanamuziki. Hazijapangwa kwa miaka. Zimepangwa kwa namna anavyoikumbuka siku aliyozisikiliza. Kuna rafu imeandikwa "Mvua". Kuna nyingine "Jino". Kuna "Mhariri Kanuna", ndefu kuliko zote. Aliapa kwamba kaseti ya mpiga pasi iko kwenye "Mvua". Tuliipekua "Mvua" yote siku nzima ya Jumatano, huku simu ya kiwandani ikilia juu ya meza yangu ghorofa mbili juu, na haikuwemo. Saa kumi na moja ilipogonga, nilipanda nikajaza nafasi ya safu yake kwa tangazo la magodoro na chemshabongo kubwa. Wasomaji saba walipiga simu kupongeza chemshabongo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilisikia kishindo stoo. Alikuwa amekaa sakafuni na bahasha ya kahawia mapajani. Ilikuwa kwenye "Umeme Ulikatika".

"Niliisikilizia kwenye redio ya betri," akasema. "Nimezeeka, mwanangu."

Ofisi nzima haina tena mashine ya kaseti inayofanya kazi. Mwenye nayo ni mpiga picha wetu, kwenye gari lake kuukuu. Mama Tena alikuwa ameshampigia Kofia simu, naye akafika mchana mikono ikiwa bado na grisi, uso umekunjamana.

"Shikamoo, Mama. Nimeambiwa unataka kuniita mwizi gazetini."

"Marahaba. Ingia garini."

"Mama, bendi yangu imesota miaka kumi. Ndiyo kwanza watu wanatujua. Ukiandika neno hilo, umetuua."

"Sijaandika neno lolote. Muulize huyu," akanionyesha mimi. "Anakaribia kulia."

Tukajibana wanne kwenye gari lile dogo, madirisha yamefungwa, jua la saa saba likituchoma utosi. Mpiga picha akaitumbukiza kaseti. Kwanza mvuke ulisikika, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Kisha kishindo kizito, kikafuatiwa na kingine, sawasawa: pasi ikitua juu ya meza. Pasi ile ndiyo ilikuwa ngoma yake. Kisha sauti ya mwanamke, haina pambo lolote, ikaimba kuhusu mtu aliyeondoka, na kuhusu ufunguo aliowekewa chini ya jiwe la mlangoni ili siku akirudi asikae nje.

Nimehariri kurasa za burudani miaka kumi na tisa. Sikupumua hadi ubeti wa pili ulipoisha. Wakati huohuo redio ya gari ikatoa mlio wa panya, ikaanza kuutafuna utepe.

"Zima! Zima!" Mama Tena akapiga kelele ambayo mlinzi wa getini aliikimbilia na rungu.

Utepe ulitoka umekunjamana kama uduvi. Mpiga picha akaanza kuomba radhi, mimi nikaanza kulaani magari yote duniani, na katika makelele hayo hatukumwona Kofia. Alikuwa anagonga dashibodi kwa ngumi polepole, mdundo uleule wa pasi.

"Shangazi alikuwa anagonga meza hivihivi," akasema. "Alikuwa akiuimba huku akikunja nguo. Huko ndiko nilikoutoa. Nilidhani ni wa zamani, wa watu wote."

"Shangazi yako alikuwa akifanya kazi wapi?" Mama Tena akauliza taratibu.

Kofia alivua kofia. Ana upara mkubwa unaong'aa, na naamini sisi watatu ndio watu wa kwanza nje ya familia yake kuuona.

"Hospitali," akasema. "Kwenye kufua."

Shangazi yupo hai, na anamkumbuka vizuri mpiga pasi mwenzake aliyeutunga wimbo. Jumamosi tulikwenda sote: Kofia, Mama Tena, na mimi, ambaye nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba siku hiyo tutanunua mapazia. Mpiga pasi anaishi na binti yake kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la viatu. Ana miaka sabini na minne. Mkono wake wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto kwa kazi. Alitukaribisha, akatuketisha, akamtazama Mama Tena muda mrefu.

"Wewe ndiye wa wiki ijayo," akasema.

Mama Tena alikuwa ameandaa maneno. Nilimsikia akiyajaribu ndani ya gari. Yote yalimkauka. Akasema tu, "Ndiye mimi, dada. Nisamehe."

"Nilinunua gazeti lenu kila Ijumaa mwaka mzima. Nilianzia ukurasa wa nyuma. Hata magodoro niliyasoma." Kisha akamgeukia Kofia kabla hatujajua tutazame wapi. "Na wewe ndiye unayeimba redioni?"

"Shikamoo, mama. Ndiyo. Nimekuja kuliweka jina lako mahali pake. Kwenye kava, redioni, kila mahali. Sikujua, wallahi."

"Jina ni sawa. Ubeti wa tatu uko wapi?"

"Ubeti wa tatu?"

"Umeimba mbili ukaacha!" Na hapo mama yule alisimama, na hasira ambayo hakuitoa kwa gazeti wala kwa miaka ishirini na minne ilimtoka yote. "Yule mwanamke anaweka ufunguo chini ya jiwe, anasubiri, wimbo unaisha. Asubuhi anasubiri, mchana anasubiri, kila nikiwasha redio mmemweka mtoto wa watu mlangoni anasubiri! Mimi nilishamtoa!"

Akaimba akiwa amesimama, akipiga kiganja kwenye kiti:

Jiwe hapo utakuta, ufunguo nimetwaa,
Nimengoja nimechoka, na viatu nimevaa;
Ukigonga gonga sana, utachoka na kukaa,
Mimi niko safarini, na jua limeshang'aa.

Kofia alikuwa akiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu.

"Shangazi hakuwahi kuuimba huo," akasema. "Hata mara moja."

Mpiga pasi akakaa, hasira ikamshuka. "Shangazi yako alikuwa bado anasubiri," akasema.

Kwato na Vumbi wameurekodi upya wimbo huo wenye beti tatu, na jina la mtunzi limo kwenye toleo la pili la albamu, limeandikwa kwa ukubwa uleule wa jina la bendi. Kofia alitaka kukodi mpiga ngoma. Mama yule akakataa, akaenda studio na pasi yake. Redio sasa zinalipiga toleo hilo, na mimi nimemsikia jirani yangu akiupiga ubeti wa tatu kwa mluzi akifunga geti.

Na safu? Safu ilifika wiki mbili baadaye, Jumatano saa kumi na moja na robo. Ilikuwa ndefu mara mbili ya nafasi yake. Nusu ya kwanza ilihusu albamu ya Kwato na Vumbi, ambayo alisema ina nyimbo nne nzuri, tatu za kuvumilika, na mbili ambazo banjo inapigwa kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. Nusu ya pili ilikuwa uchambuzi wa kaseti ya wimbo mmoja, iliyopokelewa na gazeti hili miaka ishirini na minne iliyopita. Jina kamili la mpiga pasi lilitangulia. Utepe ulikuwa umenyooshwa kwa penseli na subira, ukasikilizwa mara tatu kwa mashine ya kuazima, ya mwisho birika likichemka. Hakuandika neno la kujitetea. Aliandika kwamba ni wimbo bora kabisa aliowahi kuletewa, kwamba mtunzi wake anajua neno moja lisilohitajika ni lipi na analiacha, na kwamba sauti inayumba kidogo mwanzoni mwa ubeti wa pili.

Nilimsihi aiondoe sentensi hiyo ya mwisho. Nilimwambia mama wa watu amengoja robo karne, leo utamwambia sauti yake inayumba? Akanitazama kana kwamba nimemtusi yeye.

"Ameomba aandikwe," akasema. "Hakuomba asifiwe."

Ikachapwa ilivyo. Niliondoa tangazo zima la magodoro ili ienee, na mkuu wa matangazo hajaniamkia hadi leo. Siku nne baadaye ikaja barua fupi, imeandikwa na binti kwa kuambiwa na mama: Nimesoma. Kuhusu ubeti wa pili ni kweli. Nilikuwa nabadilisha pasi.

Mama Tena aliisoma barua hiyo akiwa amesimama dirishani, kisha akaja upande wangu wa ubao, jambo ambalo hufanya mara moja kwa mwaka, akaniwekea mkono begani. Nilidhani anataka kunishukuru. Alikuwa anataka siku moja zaidi kwa ajili ya safu ya wiki iliyofuata. Nikampa.

Mama Tena, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa gazeti hili, na ya watu wa kiwandani ambao wameniomba niwataje kwa namna ya pekee, tunakushukuru kwa kila ukurasa uliouchelewesha kwa sababu ulikuwa bado unasikiliza. Umenichosha kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na sijui nitamwelezaje mwandishi ajaye ni kazi gani hasa anayorithi. Upumzike vizuri, ukiwa na afya na watu wako karibu. Muziki utakaousikiliza kuanzia sasa hauna Jumatano.